AGGREY AWORI: MTU WA CHAMA KATIKA NCHI YA MPAKA

Msafiri aingiaye Busia kwa barabara itokayo Kisumu hawezi kutambua kwa macho tu mahali Kenya inapokwisha na Uganda inapoanza, isipokuwa kwa bendera, vizuizi vya barabara na askari wenye sare zisizofanana. Mji ni mmoja na jina ni moja, ila nusu yake iko nchi hii na nusu iko nchi ile. Wasamia wanakaa pande zote mbili za mto Sio, wanaoana, wanazikana na kusemezana kwa lugha yao bila kuhitaji mkalimani. Kaskazini yake, chini ya mwamba mkubwa wa Tororo, Wateso nao wamegawanywa vivyo hivyo, na jirani zao Wajopadhola wana ndugu wa lugha miongoni mwa Wajaluo wa Kenya.

Katika nchi hiyo ya mpaka ndiko alikozaliwa Aggrey Siryoyi Awori, tarehe 23 Februari 1939, katika kijiji cha Budimo, upande wa Uganda. Alipofariki dunia mwaka 2021 alikuwa amekwisha kuwa mwanariadha wa Olimpiki, mkuu wa televisheni ya taifa, mkimbizi, balozi, mtu aliyehusishwa na uasi wa silaha, mbunge, mgombea urais na waziri. Sehemu kubwa ya maisha hayo aliitumikia Uganda People's Congress, yaani UPC, chama kilichoshika mrengo wa kushoto katika siasa za Uganda na kilichotolewa madarakani na wanajeshi mara mbili. Hatimaye alikubali uwaziri katika serikali ambayo hapo awali ilimhesabu kuwa adui. Wako waliomwita kigeugeu, na wako waliosema kuwa alikuwa mzee aliyeona mbali. Hukumu yoyote kati ya hizo mbili yahitaji kwanza kutazama alikotoka.

NYUMBA MOJA, SERIKALI MBILI

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika mbali hata Naivasha, kisha serikali ya Uingereza ikauhamishia upande wa Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hati iliyotiwa sahihi Ulaya, mtu wa Samia alijikuta shamba lake liko nchi moja na kaburi la babu yake liko nchi nyingine.

Baba yake Aggrey, Canon Jeremiah Awori, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa sehemu hizo kupewa upadri katika Kanisa la Anglikana. Yeye na mkewe Mariamu walijaliwa watoto zaidi ya kumi, na kazi ya kanisa iliwahamisha huku na huku. Mwana wao Moody alizaliwa Butere, Kenya, mwaka 1927, na Aggrey akazaliwa Budimo. Ni familia chache mno katika Afrika Mashariki zilizotoa watu wengi wa kazi kubwa kiasi hicho: Nelson alikuwa daktari mpasuaji na profesa, Mary, aliyejulikana kwa jina la ndoa la Okelo, alianzisha shule za Makini za Nairobi baada ya kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuongoza tawi la benki ya Barclays nchini Kenya.

Aliyetangulia katika siasa ni kaka yao mkubwa, W.W.W. Awori. Huyu alikuwa mwandishi wa magazeti ya Kiswahili katika miaka ya 1940, akihariri Habari za Dunia na baadaye Radio Posta, tena alikuwa kiongozi katika Kenya African Union. Kuanzia mwaka 1952 aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo Mwafrika aliyefungua kinywa alihesabiwa kuwa nusu mhalifu. Katika uchaguzi wa Machi 1957, ambao ni wa kwanza kwa Waafrika wa Kenya kujichagulia wajumbe, alishindwa na Masinde Muliro. Basi Aggrey alipokuwa bado kijana wa shule, siasa ilikuwa tayari imekwisha kuingia sebuleni kwao.

KODI YA KICHWA

Upande wa Uganda siasa iliingia kwa mlango mwingine. Nchi ya Tororo na Busia wakati huo iliitwa wilaya ya Bukedi, na kilichowakera watu wa Bukedi kuliko mambo yote ni kodi ya kichwa iliyopimwa kwa kadiri ya mali ya mtu. Wapimaji walikuwa machifu na wazee wao. Mwenye ng'ombe wawili aliweza kuandikiwa kodi ya mwenye kumi, na asiyelipa alikamatwa. Mwezi Januari 1960 wakulima waliinuka. Nyumba za machifu zilichomwa moto, ofisi zikavunjwa, polisi wakafyatua risasi na watu wakauawa, kisha fujo ikavuka hata Bugisu.

Miezi miwili tu baada ya machafuko hayo, Machi 1960, UPC iliundwa chini ya Milton Obote. Haikuwa ajabu kwamba chama hicho kilipata wafuasi wengi katika mashariki na kaskazini ya Uganda, kwa wakulima wasiokuwa na mfalme wa kuwasemea wala mashamba makubwa ya kurithi. Baadaye wasomi waliandika mengi juu ya ujamaa wa UPC. Ila kwa mkulima wa pamba wa Bukedi maana ya mrengo wa kushoto ilikuwa nyepesi zaidi, yaani kutozwa kodi kwa haki na kutopigwa viboko na karani wa chifu.

Aggrey Awori hakuwapo kuliona hilo kwa muda mrefu. Baada ya masomo ya King's College, Budo, alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alianza na fizikia ya nyuklia, kisha akahamia uchumi wa siasa, na hapana shaka uhamisho huo ulimfaa zaidi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa kimya katika maabara. Umaarufu wake huko ulitokana na miguu. Alikuwa mkimbiaji na mrukaji hodari, akashinda katika mashindano ya vyuo, na aliiwakilisha Uganda katika mbio za kuruka viunzi kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rome mwaka 1960 na ya Tokyo mwaka 1964. Alipokimbia Rome Uganda haikuwa imepata uhuru. Alipokimbia Tokyo ilikuwa na bendera yake yenyewe.

MKUU WA TELEVISHENI

Mwaka 1967 alipewa uongozi wa Televisheni ya Uganda, akiwa na umri wa miaka 28. Chombo hicho kilikuwa kichanga, kwani kilianza mwaka 1963, na wenye seti majumbani walikuwa wachache. Wengi walitazama katika majumba ya starehe na ofisi. Lakini ndicho kilichoonyesha sura ya serikali, na serikali ilikuwa inageuka upande. Mwaka 1969 UPC ilipitisha Mkataba wa Mtu wa Kawaida, ulioahidi kwamba utajiri wa nchi utakuwa wa wengi na si wa wachache. Mwezi Desemba mwaka huohuo Obote alipigwa risasi mjini Kampala akanusurika. Tarehe 1 Mei 1970, katika uwanja wa Nakivubo, alitangaza kwamba serikali itachukua hisa 60 kwa kila mia katika makampuni makubwa zaidi ya 80, yakiwamo mabenki na viwanda.

Zamu hiyo ya kushoto haikupata nafasi ya kujaribiwa. Makampuni mengi yalikuwa bado yanajadiliana na serikali juu ya bei, na Mtu wa Kawaida alikuwa bado hajaona shilingi, Meja Jenerali Idi Amin alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Ni lazima pia kusemwa kwamba Obote mwenyewe alikuwa amewafunga wapinzani bila hukumu na kuivunja katiba mwaka 1966, hata wako waliomshangilia Amin barabarani kwa kuchoshwa na Obote tu. Furaha hiyo haikudumu. Awori, kama watu wengi wa chama chake, aliyeyuka kuelekea Kenya.

Hapa ndipo nchi ya mpaka ilipomfaa. Mkimbizi wa Kigezi au wa Acholi aliyeingia Nairobi alikuwa mgeni asiye na mwenyeji. Mtu wa Samia alivuka Busia akawa kwa ndugu. Miaka ya Amin mji huo uliishi kwa kuvuka. Sukari, sabuni na chumvi vilipoadimika Uganda, kina mama wa pande zote mbili walivibeba kichwani kwa njia za mashambani, na kahawa ya Uganda ikapita kinyume kwenda Kenya. Serikali iliita biashara hiyo magendo na iliadhibu vikali. Mwenye watoto wa kulisha aliiita chakula cha jioni. Hata baiskeli zilizobeba abiria kati ya kizuizi kimoja na kingine zilizaa neno jipya, boda boda, kutokana na neno la Kiingereza la mpaka, na leo neno hilo linatumika hata mahali ambapo hakuna mpaka kabisa.

BALOZI, KISHA VITA

Amin alipoondolewa mwaka 1979, na UPC iliporudi madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 1980 ambao wapinzani waliukataa, Awori aliingia katika kazi ya ubalozi. Aliiwakilisha Uganda nchini Marekani na baadaye Ubelgiji. Kazi ya balozi ni kuisemea serikali iliyomtuma, na serikali hiyo ilikuwa ikipigana vita katika Luwero dhidi ya jeshi la msituni la Yoweri Museveni. Raia wengi wasio na silaha waliuawa huko. Aliyekuwa akivaa tai Washington hakufyatua risasi Luwero, lakini hesabu ya serikali ya pili ya Obote haiwezi kuandikwa bila majina ya waliolipwa mishahara nayo, na chama cha Mtu wa Kawaida kilipaswa kujibu ni mtu gani wa kawaida aliyelala katika makaburi yale.

Obote aliangushwa na majenerali wake mwenyewe tarehe 27 Julai 1985, na Museveni akaiteka Kampala tarehe 26 Januari 1986. Awori aliachana na serikali mpya, na jina lake likahusishwa na kundi la silaha lililotaka kumrudisha Obote, lililotajwa kwa herufi nne, FOBA, na kufanya kazi yake katika sehemu za Tororo na mpakani. Hii ndiyo sura ngumu kuliko zote katika maisha yake. Kundi hilo halikuwahi kukaribia kuiangusha serikali. Lilichofanikiwa kuleta katika Tororo ni misako, wanaume waliolala porini kwa hofu ya pande mbili, na mashamba yaliyokosa palizi. Mtu aweza kuamini kwa moyo wote kwamba serikali fulani si halali, na bado akaulizwa kama kulikuwa na sababu ya kuiondoa kwa gharama ya jirani zake mwenyewe.

Mwezi Desemba 1987 mambo yalizidi. Uganda iliishutumu Kenya kuwahifadhi waasi, Kenya ikaishutumu Uganda kuvuka mpaka wake, na majeshi ya nchi mbili yakafyatuliana risasi Busia. Watu walikufa na mpaka ukafungwa. Kwa Uganda isiyo na bahari, kufungwa kwa Busia na Malaba ni sawa na kukabwa koo, kwa kuwa mafuta na bidhaa zake za ng'ambo hupita huko kutoka Mombasa. Askari walioelekezeana bunduki siku hizo wengine walikuwa na shangazi upande wa pili. Tarehe 28 Desemba Rais Daniel arap Moi na Rais Museveni walikutana Malaba wakakubaliana kuyaondoa majeshi na kuufungua mpaka.

BUNGENI

Awori alirudi Uganda mapema katika miaka ya 1990, wakati serikali ilipowafungulia mlango wapinzani wengi waliokuwa nje. Akaingia Bungeni kuwakilisha Samia-Bugwe Kaskazini, jimbo lililokuwa katika wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997, Busia ilipofanywa wilaya peke yake. Vyama vilikuwapo kwa jina lakini havikuruhusiwa kusimamisha wagombea. Kila mtu alisimama kwa sifa zake mwenyewe, chini ya mfumo ulioitwa wa Harakati. Katika Bunge la namna hiyo mpinzani hakuwa na chama cha kumkinga wala cha kumnyamazisha, na Awori aliifurahia hali hiyo. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali, mwenye makaratasi mkononi na mzaha mdomoni, na waandishi wa habari walimtafuta kabla ya kumtafuta waziri.

Hii ilikuwa kazi yake bora, ingawa haikumpa cheo. Mwaka mmoja wa maswali ya wazi juu ya fedha za umma uliwafaa watu wa Busia kuliko miaka yote ya bunduki.

Katika uchaguzi wa urais wa tarehe 12 Machi 2001 alisimama pamoja na wengine watano. Museveni alipata kura 69 kwa kila mia, Kizza Besigye karibu 28, na Awori akawa wa tatu kwa kura moja na kitu kidogo kwa kila mia. Kushindwa kwake kulikuwa kukubwa, na wengine walimcheka. Lakini katika kampeni hizo kodi ya kichwa, ileile iliyowasha moto Bukedi mwaka 1960, ilirudi kuwa hoja ya taifa zima. Kiwango chake cha chini kilipunguzwa hadi shilingi 3,000, na mwaka 2005 ikasimamishwa kabisa. Aliyeisimamisha ni serikali ya Museveni, wala si UPC iliyozaliwa miezi miwili baada ya moto ule.

Bunge lililoanza mwaka 2006, la kwanza chini ya vyama vingi vilivyorejeshwa, halikuwa na Awori. Obote alikuwa amefariki Oktoba 2005 akiwa uhamishoni. Mwaka 2007 Awori aliondoka UPC akajiunga na NRM, chama cha Museveni, na tarehe 16 Februari 2009 akateuliwa kuwa Waziri wa Habari na Teknolojia ya Mawasiliano. Wenzake wa zamani walimlaumu kwa uchungu. Kwa upande mmoja lawama hiyo ni halali: mtu aliyejenga jina kwa kuihoji serikali alipaswa kuwaeleza waliompigia kura ni jambo gani lililobadilika, serikali au yeye. Kwa upande mwingine, alikuwa anakaribia miaka 70, na katika serikali hiyo walikuwamo tayari watu waliotoka katika majeshi na vyama vilivyoshindwa. Nchi iliyopita katika vita vingi haiwezi kuendeshwa na wasiowahi kukoseana tu.

Uwaziri wake ulikuwa mfupi lakini ulikutana na wakati wake. Mwaka huohuo wa 2009 nyaya mpya za mawasiliano zilizotandikwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na ili Uganda ifaidike ilibidi mkondo huo uletwe bara kupitia Kenya. Mwana wa mpaka aliyeondoka na televisheni ya weusi na weupe akarejea na intaneti. Mei 2011 Baraza jipya la Mawaziri lilitangazwa, na yeye hakuwamo.

KAKA UPANDE WA PILI

Haifai kumaliza habari hii bila kumtaja Moody. Wakati Aggrey akiwa mpinzani Kampala, kaka yake alikuwa mbunge wa Funyula, jimbo la Wasamia wa Kenya, tangu miaka ya 1980. Mwaka 2003 akawa waziri aliyesimamia magereza, na Septemba mwaka huohuo akawa Makamu wa Rais baada ya kifo cha Kijana Wamalwa. Yeye hakuwa mtu wa mrengo wa kushoto, alikuwa mfanyabiashara. Lakini ndiye aliyeyafungua magereza ya Kenya yaonekane na umma, akawapatia wafungwa magodoro, sare safi na televisheni, hata wakamwita Uncle Moody, yaani Mjomba Moody. Askari magereza na familia zao walibaki wakinung'unika kwamba mfungwa ametazamwa na mlinzi amesahauliwa, na Aprili 2008, Moody akiwa ameshaondoka, waligoma kwa ajili ya mishahara na nyumba. Yule wa kushoto katika familia hakupata nafasi kama hiyo ya kuwagusa wanyonge kwa mkono wake. Siasa ina mizaha yake.

Kwa miaka kadhaa basi, mama mmoja wa Samia aliyekuwa na ndugu pande zote za mto Sio aliweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba ukoo wake una Makamu wa Rais nchi moja na aliyetaka kuwa Rais nchi ya pili.

Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Museveni walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu, na maofisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja. Miaka mitatu baadaye mpaka huohuo ulibanwa tena, safari hii na ugonjwa wa UVIKO-19. Uganda ilikuwa imefungwa kwa mara ya pili, shule na usafiri vimesimama na waombolezaji mazikoni wamewekewa idadi. Aggrey Awori alishikwa na ugonjwa huo akafariki hospitalini mjini Kampala tarehe 5 Julai 2021, akiwa na umri wa miaka 82. Moody, kaka yake wa upande wa Kenya, alikuwa hai siku hiyo, na umri wake miaka 93.